Mtumbwi wa Gogo Moja katika Ziwa Nyasa

Mtu akitaka kusoma habari za vyombo vya Ziwa Nyasa, vitabu vitampa kwanza majina ya meli. Atasoma juu ya Ilala iliyofika ziwani mwaka 1875, na Hermann von Wissmann iliyoshushwa majini mwaka 1893, na Chauncy Maples ya mwaka 1901. Atasoma majina ya manahodha wake na mahali zilipoundwa. Lakini kiko chombo kimoja kilichokuwako kabla ya meli hizo zote, kikapokea abiria na mizigo yake mahali pasipo gati, kikaziona zikichakaa moja baada ya moja, nacho kingaliko hata leo. Chombo hicho hakikuandikwa jina ubavuni, wala hapana aliyeandika siku kiliposhushwa majini. Ndicho mtumbwi wa gogo moja.

Tumeona vema kueleza habari zake mwezi huu, kwa maana watu hudhani ya kuwa historia ni ya wafalme na vita na meli tu, na ya kwamba kitu kisichokuwa na tarehe hakina historia. Sivyo. Mtumbwi una historia ndefu kuliko ya meli, nayo imeandikwa mahali pengine: katika lugha, katika ardhi, katika mikono ya mafundi, na katika miti. Ukurasa huu wa mwisho, yaani miti, ndio ulio katika hatari ya kupotea, na kwa ajili ya huo hasa twaandika.

Shahidi wa kwanza wa ukale wa mtumbwi ni lugha yenyewe. Wanyakyusa huuita mtumbwi ubwato. Wanyanja wa ng'ambo ya ziwa husema bwato. Wabemba husema ubwato, na Wanyarwanda, ambao wako mbali sana nasi, husema ubwato vilevile. Waganda husema eryato, na watu wa Mto Kongo wasemao Kilingala husema bwato. Watu hawa wote hawakukutana sokoni siku moja wakafundishana neno. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameyalinganisha maneno hayo, wakaona ya kwamba yametoka katika neno moja la kale, lililosemwa na mababu wa Wabantu kabla hawajatawanyika, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Siku hizo mababu hao walikuwa hawajajua bado kufua chuma. Basi yaelekea mitumbwi yao ya kwanza ilichongwa kwa mashoka ya mawe na kwa moto, na neno lake wakasafiri nalo, wakalileta mpaka kando ya ziwa letu.

Shahidi wa pili ni ardhi. Mwaka 1987, katika kijiji cha Dufuna, kaskazini-mashariki ya Nijeria, mchunga ng'ombe alikuwa akichimba kisima, akagonga kitu kigumu chini sana ardhini. Wataalamu walipokifukua wakaona ni mtumbwi wa gogo moja, urefu wake mita 8 na zaidi. Walipoupima wakapata umri wa miaka ipatayo 8,000. Huo ndio mtumbwi wa kale kuliko yote iliyopata kuonekana katika Afrika, na wataalamu wameutaja mti wake kuwa wa jamii moja na mkangazi wetu. Huko Ulaya nako, mwaka 1955, watu waliokuwa wakitengeneza barabara karibu na kijiji cha Pesse katika Uholanzi walifukua mtumbwi mdogo wa msonobari, umri wake karibu miaka 10,000. Kwa hiyo mtu yeyote akiwaambia vijana wetu ya kuwa mtumbwi ni kitu cha watu wasiojua mambo, na wamjibu ya kwamba mababu wa Wazungu nao walianza kwa gogo, na ya kwamba kabla ya piramidi za Misri kujengwa fundi mmoja wa Afrika alikwisha kuchonga mtumbwi uliodumu ardhini hata zamani zetu hizi.

Sasa tutazame nchi yetu wenyewe, tuone kwa nini mtumbwi ulikuwa wa lazima. Katika upande wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Huanzia Matema, iliyo katika wilaya ya Kyela mkoani Mbeya, ikaenda kusini kupita pwani ya Ludewa, wilaya iliyokuwa ya Mkoa wa Iringa hata mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Njombe. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 juu ya bahari, na vilele vya milima hiyo hupita mita 2,000. Mahali pengi mlima hushuka moja kwa moja majini, wala hausazi pwani ila mchanga kidogo na miamba. Njia ya miguu ni ya kupanda na kushuka, ya kuchosha magoti, na mwenye mzigo kichwani huona taabu kubwa. Lakini maji yenyewe ni njia iliyo wazi. Ndiyo sababu watu wa huko waliligeuza ziwa kuwa barabara yao.

Wakaao chini ya ukuta huo ni Wakisi. Mashamba yao ni haba, maana hawana bonde, ila wana udongo mzuri wa kufinyangia, na wanawake wao ni mashuhuri kwa vyungu. Chungu hakiliwi. Ili kipate kuwa chakula, sharti kipelekwe mahali penye chakula, nako ni uwanda wa Kyela kwa Wanyakyusa, wenye mpunga na ndizi na mahindi. Basi vyungu vilipangwa ndani ya mitumbwi, vikasafirishwa kandokando ya mlima mpaka soko la Lyulilo karibu na Matema, na mitumbwi ikarudi na nafaka. Huko juu milimani nako walikaa Wakinga, waliojua kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki. Wanyakyusa hawakuyeyusha chuma. Jembe lao na shoka lao vilitoka Ukinga. Godfrey na Monica Wilson, waliokaa Unyakyusa wakichunguza desturi za watu tangu mwaka 1934 hata 1938, waliandika habari za biashara hiyo, ya majembe ya Wakinga na vyungu vya Wakisi.

Msomaji na ashike neno hili. Chuma cha tezo kilitoka mlimani, mti ulitoka mteremkoni, chungu kilitoka pwani, na nafaka ilitoka uwandani. Makabila haya yalikuwa na lugha mbalimbali na wakuu mbalimbali, lakini mtumbwi mmoja ulikuwa umebeba kazi ya mikono yao wote. Kabla ya serikali yoyote kuchora mipaka ya mkoa au wilaya, mtumbwi ulikwisha kuwaunganisha.

Twende sasa kwa fundi, tuone kazi yake. Kazi ya kwanza si kukata, ni kuchagua. Fundi huzunguka msituni siku nyingi akitafuta mti mnene, ulionyoka, usio na matawi chini, wala usio na ufa au uoza moyoni. Huupiga kwa kisogo cha shoka akausikiliza. Mti mzima hulia sauti moja, na mti wenye uwazi ndani hulia nyingine. Miti inayopendwa ni ile ambayo si mizito mno, isiyopasuka upesi, na isiyoliwa kwa urahisi na wadudu wala na maji, kama vile mninga na mkangazi. Mti mgumu mno huvunja tezo na kuzama kwa uzito wake. Mti laini mno huoza kabla fundi hajalipwa jasho lake. Hutazama pia mahali mti uliposimama, maana mti mzuri ulioota katika korongo pasipo njia ya kuutoa hauna faida.

Baada ya kuukata, huuacha chini, akaondoa matawi na magome, akaupima. Hapa ndipo ionekanapo sababu ya kuchonga mtumbwi palepale msituni, wala si pwani. Tuchukue gogo la urefu wa mita 6 na upana wa sentimita 80. Tukilifanyia hesabu, ujazo wake ni mita za ujazo 3. Mti mbichi wa kiasi hicho huwa na uzito wa tani mbili na zaidi. Nani awezaye kuukokota juu ya mawe na mashina? Lakini ukiisha kuchongwa, ubavu wake ukawa na unene wa vidole viwili au vitatu, karibu sehemu nne katika tano za mti huo zimebaki msituni kuwa vibanzi, na kilichobaki watu wa kijiji huweza kukikokota. Tena mti mbichi ni laini chini ya tezo kuliko mti mkavu. Hivyo hesabu na maarifa vimo katika kazi ya mtu ambaye labda hakupata kuingia darasani.

Fundi huanza na umbo la nje. Hulichonga tumbo la mtumbwi liwe la mviringo, akaifanya omo kuwa nyembamba ili ipasue maji, na tezi akaiachia unene kidogo kwa ajili ya mwenye kushika kafi. Asipopima sawasawa pande zote mbili, mtumbwi utaegemea upande mmoja maisha yake yote, wala hapana dawa ya kosa hilo. Nje ikiisha kukamilika, gogo hugeuzwa, likafunguliwa juu. Na hapa mtumbwi wa Ziwa Nyasa hutofautiana na mitumbwi ya mahali pengine. Mdomo wake ni mwembamba, na mbavu zake hujikunja kuelekea ndani, hata mpiga kafi mara nyingi hukaa juu ya kingo, miguu yake ikiwa ndani. Sababu yake ni mwera, yaani upepo wa kusini uvumao kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, ukainua mawimbi makubwa. Mdomo mwembamba huzuia maji yasiingie, na kingo zilizokunjika huutia mtumbwi nguvu ingawa hauna mataruma wala misumari.

Lakini mdomo huo mwembamba ndio taabu ya fundi. Ni kama kukomba chungu chenye shingo ndogo. Hulitoa tumbo la mti kwa shoka kwanza, kisha kwa tezo ya mpini mrefu, akiinama, akipenyeza mikono, akichimba chini ya kingo mahali ambapo macho hayafiki vizuri. Unene wa ubavu huujua kwa kiganja na kwa sikio. Huweka mkono mmoja nje na mmoja ndani, akagonga, akasikiliza. Pigo moja la ziada, na tundu limetokea, na kazi ya majuma imeharibika. Chini huacha unene zaidi kuliko ubavuni, ili uzito uwe chini na mtumbwi usipinduke, na ili mchanga wa pwani usiule upesi. Kazi ikikoma kwa siku, gogo hufunikwa kwa majani mabichi lisipigwe na jua. Maana jua likilikausha upande mmoja kabla ya mwingine, hupasuka. Penye ufa mdogo hutiwa nyuzi za magome au pamba, na siku hizi lami na bati.

Hata hapo fundi ni mmoja, au yeye na mwanawe. Siku ya kuukokota mtumbwi ndipo kijiji chote huitwa. Njia hufyekwa, magogo madogo hulazwa chini ili mtumbwi uviringike juu yake, kamba za magome hufungwa, na watu hukokota kwa wimbo. Mmoja huimba, wengine huitikia, na nguvu zote hutoka katika neno moja. Penye mteremko mkali wengine hushika kamba nyuma wasije wakaupoteza chini. Wanawake hupika, na mwenye mtumbwi huwalisha watu wote. Hapana mshahara wa fedha, bali kila aliyekokota anajua ya kuwa siku yake ikifika naye atakokotewa. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Na twaongeza, mtu mmoja hashushi mtumbwi.

Chombo hiki kiliwahi kuokoa watu. Katikati ya karne ya 19 Wangoni waliingia nchi za mashariki ya ziwa, wakawa watu wa vita wenye nguvu, wakashuka mara kwa mara pwani kuteka watu na chakula. Wangoni walikuwa hodari nchi kavu, lakini majini hawakuwa na nguvu. Basi watu wa pwani wakajifunza kukimbilia ziwani. Wasafiri waliopita mwambao wa mashariki katika miaka ya 1870 na 1880 waliona vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya maji, na vingine juu ya miamba iliyozungukwa na maji, na mitumbwi imefungwa chini yake. Mtu aliyekuwa na mtumbwi aliweza kulala usingizi. Asiyekuwa nao alilala na mkuki. Twafikiri vizazi vingi vilivyopo leo kando ya ziwa hilo vimetokana na mama fulani aliyemtia mtoto wake ndani ya gogo usiku, akapiga kafi mpaka mahali ambapo maadui hawakufika.

Kisha zikaja meli. David Livingstone aliliona ziwa mwaka 1859. Baada ya kufa kwake Wamisioni wa Skotlandi wakaleta Ilala, wakiongozwa na E. D. Young, mwaka 1875. Meli hiyo ililetwa vipande vipande, na mahali ambapo Mto Shire una maporomoko, mamia ya wapagazi waliibeba kwa vichwa na mabega, ikaunganishwa tena juu yake. Young akazunguka ziwa, naye ndiye aliyeipa milima yetu jina la Livingstone. Mwaka 1893 Wajerumani wakaunganisha Hermann von Wissmann. Mwaka 1901 ikashushwa Chauncy Maples, meli ya misheni ya Waanglikana wa Likoma, iliyopewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilo mwaka 1895, mashua yake ilipopinduliwa na dhoruba. Meli hiyo ililetwa kutoka Uingereza kwa vipande zaidi ya 3,000, na tangi lake la mvuke, lenye uzito wa tani 11, lilikokotwa nchi kavu kwa kamba na Wangoni wapatao 450, kilometa 100 hivi.

Tazama ajabu yake. Ufundi mkuu wa Ulaya ulipofika kwetu, ulikokotwa kama mtumbwi unavyokokotwa, kwa kamba, kwa mikono, na bila shaka kwa wimbo. Tofauti ni hii: aliyekokota mtumbwi alijua ya kuwa kesho utamvusha yeye na watoto wake, aliyekokota tangi la meli hakujua litamfaa nini. Hatusemi hivi ili kuzidharau meli. Zilisaidia kuvunja biashara ya watumwa, zikaleta dawa na vitabu na walimu. Twasema hivi ili tusisahau mikono iliyozileta.

Wala meli hazikuweza kufanya kazi peke yake. Mahali pengi hapakuwa na gati. Meli ilitia nanga mbali, na mtumbwi ndio uliokwenda kuchukua mgeni, barua na mzigo. Wamisioni wa Berlin na wa Moravian walipoingia Unyakyusa mwaka 1891, walikuja kwa njia ya ziwa. Wa Berlin wakafungua kituo Ikombe, kwa Wakisi, mwaka 1893. Na Ikombe kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kufika ila ya miguu chini ya mlima au ya mtumbwi kutoka Matema. Padre William Percival Johnson, aliyefika ziwani mwaka 1882 akafa Liuli mwaka 1928, alitembelea vijiji vya pwani kwa miaka zaidi ya 40, naye alijua vema ya kuwa meli humfikisha mtu mbele ya kijiji, lakini si lazima imfikishe kijijini.

Mwisho wa meli nyingine twaujua. Mwezi wa Agosti mwaka 1914 Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa pwani Liuli kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa na habari ya kuwa vita imeanza, Waingereza walipomjia wakamteka. Ilala ile ya kwanza haipo tena. Mwaka 1946 meli mpya iliyoitwa Vipya ilizama katika dhoruba ng'ambo ya magharibi, wakafa watu 145. Katika miaka hiyo yote mtumbwi haukukoma kuchongwa, kwa sababu haukungoja kipuri kutoka ng'ambo. Kafi likivunjika, mti wa kafi uko nyumbani.

Hata hivi leo mtumbwi una kazi. Ni kweli, tangu mwaka 2021 meli MV Mbeya II husafiri kutoka Kyela kwenda bandari za kusini, na mashua za mbao zenye mashine zimekuwa nyingi. Lakini mvuvi wa usipa na mvuvi wa mbasa asiye na fedha ya mashine bado huanza maisha yake kwa mtumbwi. Mwenye mtumbwi anaweza kulisha nyumba yake; asiye nao huwa kibarua katika chombo cha mwingine. Kwa hiyo mtumbwi si kitu cha kuwekwa makumbusho tu. Ni mlango wa maskini kuingia katika mali ya ziwa.

Na mlango huo unafungwa polepole, si na serikali wala na meli, bali na upungufu wa miti. Mninga huhitaji miaka 70, hata 100, ili uwe mnene wa kutosha kutoa mbao kubwa. Aliyeukata mwaka jana aliukata mti uliochipua zamani za Waingereza au kabla yake. Katika miaka 100 hiyo miti imekatwa kwa ajili ya kuni za meli za mvuke, kwa mbao, kwa mkaa, na kwa mashamba. Na mteremko uliochomwa moto kila mwaka hauachi mche ukue. Fundi aliyekuwa akipata mti karibu na kijiji sasa hutembea mbali, na akiupata, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka awe na kibali kabla hajaukata mti wa thamani. Sheria hiyo ni ya haki, kwa kuwa mti mmoja ukikatwa ovyo ni mitumbwi ya wajukuu imekatwa. Lakini sheria huzuia shoka tu, haioteshi mche.

Hapa pwani ya Bahari ya Hindi yatufundisha jambo. Mafundi wa ngalawa, ile mitumbwi yenye mirengu miwili ubavuni, hutumia sana mwembe. Mwembe si mti wa msituni; ulipandwa na mtu. Mzee aliupanda apate matunda na kivuli, watoto wakala embe miaka mingi, na mti ulipozeeka na kuacha kuzaa, fundi akaununua, ukawa chombo cha baharini. Mti mmoja umelisha nyumba mara mbili. Wao wameweza kupata chombo katika mti wa kupandwa. Mbona sisi wa Kyela na Ludewa tungoje msitu utupe bure kile ambacho hatukuuachia nafasi ya kutupa?

Kwa hiyo tunayo maneno matatu kwa wasomaji wetu wa kando ya ziwa, na kwa wale wa milimani wanaokaa juu ya mito iingiayo ziwani, kama vile Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Ruhuhu. La kwanza: kila shule iliyo na kiwanja na ipande mikangazi michache kandokando ya mto, na mininga mahali pakavu, na kila mti uandikwe katika kitabu cha shule mwaka uliopandwa, ili watakaokuja wajue umri wake pasipo kubahatisha. Mkangazi hukua upesi kuliko mninga, nao hupenda penye maji. La pili: moto wa kuwinda panya na wa kutafuta majani mapya usiachwe kupanda mteremko, maana moto wa siku moja hula miche ya miaka kumi. La tatu: vijana wanaojua kusoma na kuandika na wawaendee mafundi wazee wa kijiji, wakaandike majina yao, na majina ya miti katika Kinyakyusa, Kikisi na Kimanda, na majina ya kila sehemu ya mtumbwi, na jinsi ya kupima ubavu kwa kiganja. Maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote cha shule, na kila mwaka hupungua kwa idadi ya wazee wanaozikwa.

Majina ya manahodha wa Ilala na Wissmann twayajua, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuyaandika. Majina ya waliochonga mitumbwi iliyowavusha mababu zetu usiku wa vita hatuyajui, wala hatutayajua kamwe. Lakini fundi aliye hai leo ana jina, na mti atakaouhitaji mjukuu wake waweza kutiwa ardhini mvua hizi zitakapoanza.